Mlango wa Pili

Mwanangu,

Maharage yapo jikoni, hayana chumvi, nilisahau. Paka ameshakula, asikudanganye.

Asubuhi nilikwenda kwenye kile kikundi cha wanaoacha pombe. Nikakuta watu wameinamisha vichwa, nikajua ndio hao. Nikasimama, nikamwaga yote: chupa nilizoficha stoo, na jinsi nilivyoanza mama yako alipofariki. Kisha mama mmoja akasema, "Pole, baba. Hapa tunajifunza kushona. Wenzako wako mlango wa pili. Ila lete kwanza hilo shati, vifungo vimekwisha."

Wakanishonea vyote vitatu. Nilipotoka, wenzangu walishatawanyika. Wanakutana tena saa kumi.

~~Nikichelewa, nitafute baa.~~ Nikichelewa, ujue bado naongea.

Baba yako, mwenye vifungo