Saini ya Tatu ya Mjomba

Dada yangu Agatha,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeshashuka kutoka shambani na umenawa miguu, maana nakujua, huwezi kusoma kitu ukiwa na tope. Mama anaendeleaje na kifua? Mimi ni mzima, ila joto la Muscat limenikausha kama makopa. Kazi ni ileile ya usafi hospitalini.

Nimempa barua hii mwenzangu wa chumbani anayekuja likizo Morogoro. Nimeandika kwa sababu kwenye simu ukianza kulia mimi hunyamaza, na safari hii sitaki kunyamaza.

Karatasi yako imenifikia. Umeandika kwamba ukoo umekubali mwanao Perpetua aache shule, aende Msamvu kwa mama mdogo akamsaidie kuuza chakula, na chini umeacha nafasi ya saini yangu mimi mjomba wake. Na ile siku kwenye simu uliniambia kwamba mtoto ana miaka kumi, cha jana leo hakikumbuki, na kwamba akili yake ilibaki kwenye nusukaputi niliyoisaini mimi. Sikukasirika, dada. Niliogopa, kwa sababu nami nimekuwa nikiwaza hivyohivyo.

Hapa kuna daktari wa usingizi, mama mtu mzima, wazee wake walitoka Unguja. Nilimngoja amalize chai yake, nikamweleza.

"Alitiwa usingizi mara ngapi?" akauliza.

"Mara tatu, kabla hajafika miaka miwili."

Akaweka kikombe chini. "Nisikilize, mwanangu. Mara moja, tena kwa muda mfupi, waliochunguza hawakuona mtoto kuharibikiwa. Mara nyingi, au saa nyingi, hapo bado wanabishana. Wako wanaoona tofauti ndogo katika kujifunza, lakini hawajui kama ni dawa, au ni yale maradhi yaliyompeleka mtoto kwenye kisu. Kwa mtoto wako huyu mmoja, hapana mtu awezaye kukwambia."

"Kwa hiyo si kosa langu?"

"Sikusema hivyo. Nimesema hatujui."

Kisha akauliza kila mara ilikuwa ya nini. Mbili za kwanza unazijua: utumbo ulijisokota, wakapasua, ukagoma tena, wakarudia. Unakumbuka nesi alivyouliza baba wa mtoto yuko wapi, nami nikajibu kwamba kwetu mjomba ndiye msemaji. Shemeji alikuwa amesimama palepale ameshika kanga ya mtoto, akatazama chini. Nilijiona mtu mkubwa sana siku ile. Lakini kwa zile mbili simwombi mtu radhi, bila kisu tungemzika.

Ya tatu ndiyo nimekuficha miaka minane. Ile ngiri ya kitovu, daktari wa kule mjini aliniambia nikiwa peke yangu: "Hii haina haraka. Mara nyingi hujifunga yenyewe mtoto akikua. Mngoje." Mimi viza yangu ya kuja huku ilikuwa imetoka. Sikutaka kuondoka nikiacha kidonda nyuma, nikasema mfanyeni tu, nikasaini. Nyinyi niliwaambia kwamba daktari ndiye aliyetaka. Mlinishukuru, na Mama akanichinjia jogoo. Nisamehe, dada yangu. Shemeji naye mwombee kwa niaba yangu, ingawa najua deni hilo nitalilipa kwa mdomo wangu mwenyewe.

Huyu daktari wa usingizi alinikatalia jambo moja tu: kumhukumu mtoto. Alisema kwanza apimwe masikio na macho. Kisha afundishwe kidogokidogo, arudiwe, asichapwe kwa kusahau, na shuleni mwalimu aelezwe. Nami nakukumbusha maneno yako mwenyewe, kwamba Perpetua anaijua migomba yote ya Mama, upi ulipandwa lini na upi ulikatwa na nani. Kichwa kilichopotea hakiwezi hayo. Kinachukua muda, basi.

Msalimie Mama, umwambie kile kikohozi asikitibu kwa tangawizi peke yake, apande gari aende akapimwe. Msalimie shemeji yangu, mwenye mtoto. Mama mdogo wa Msamvu mwambie asinichukie, atafute msaidizi mwingine. Na bibi yetu mkubwa, kama bado anakataa fimbo, mwambie mjukuu wake anamwamkia.

Karatasi yako nimeirudisha humu ndani ya bahasha. Pale pa saini ya mjomba sikuandika kitu. Kaeni wewe na baba yake, mumwite Perpetua, mumuulize anataka nini. Mara tatu tulimwamulia akiwa amelala. Sasa yuko macho.

Ndimi mdogo wako,
Kolumba