Mafundo Manne ya Agata

Jumatano. Mvua imenyesha tangu alfajiri na ukungu umegoma kuondoka mlimani, lakini leo nacheka peke yangu jikoni kama mwendawazimu.

Agata wangu, mtoto wa miaka mitano, anasumbuliwa na tumbo tangu mavuno yaliyopita. Tulikwisha kushuka mjini mara mbili kwa daktari wa Kidachi, yule Mjerumani. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo anayemsemea ni mjomba wake, kaka yangu Mateo. Mimi mara zote mbili nilikaa nyuma, nimempakata mtoto, kimya.

Kaka huona nguo za Agata zimeanikwa kila siku, basi akasema mtoto anaharisha. Daktari akatoa dawa ya kufunga tumbo. Mtoto akazidi kuvimba, akaacha hata kula.

Kumbe haharishi. Amefunga choo, na kinachochafua nguo ni majimaji yanayopenya pembeni ya kile kilichokwama. Hilo hulijua anayefua.

Anayefua ni mimi.

Basi mwezi ulipoandama nilichukua kamba ya mgomba, na kila Agata alipopata choo cha kweli nikafunga fundo. Mwezi unakwisha na mafundo ni manne tu.

Leo tumeshuka kwa daktari mara ya tatu, na kaka alipoanza tena habari ya kuharisha, nilisimama. Nakiri, niliogopa uso wake kuliko wa Mdachi. Nikasema, "Niwie radhi, kaka. Mtoto haharishi." Nikaweka kamba mezani na kueleza yote, hata yale yasiyotajwa mbele ya wanaume. Kaka akatazama dari.

Daktari alitaka kutupa dawa ileile. Nikamwambia sitoki mpaka amguse tumbo. Akamlaza, akabonyeza upande wa kushoto, akabonyeza tena. Kisha akahesabu mafundo yangu na kufuta alichokuwa ameandika. Akamnywesha Agata mafuta ya mbarika ya kulainisha choo palepale, akaagiza maji mengi na mapapai, na turudi na kamba baada ya wiki mbili.

Njia nzima kaka hakunisemesha. Moyo uliniuma, maana hajawahi kuninunia tangu utoto wetu.

Tulipokaribia nyumbani Agata alishika tumbo na kumwita mjomba wake, si mimi. Wakapotelea migombani. Nilisubiri kwenye mvua mpaka nikaanza kusali.

Kaka akatokea amembeba mtoto mabegani, meno yote nje. "Mama Agata, lete hiyo kamba."

Fundo la tano amelifunga yeye mwenyewe, tena kubwa kuliko yangu yote. Halafu akaniambia kwamba safari ijayo kwa daktari nitasema mimi, na yeye atabeba kamba.