Mjomba, Nimepinduliwa na Nimetoka

Mjomba Salim,

Usishtuke, ni mimi, yule uliyekuwa ukimwita Mdomo. Nimepata kazi yako. Naam, ile ile: mtambo wa mafuta huko Alaska, kwenye bahari ambayo ukianguka bila suti maalumu, baridi inakumaliza kabla hujamaliza kupiga kelele. Bahari ile ilishindwa kukuweza miaka yote, ukaja kufa kwa moyo hapa Silver Spring, juu ya kochi la Mama, televisheni ikiwaka. Mpaka leo hakuna anayekaa upande ule.

Wakumbuka siku uliponivisha suti yako ya kujiokolea, ile ya rangi ya machungwa, ukajaza hodhi la kuogea barafu za dukani, ukanitia ndani? Nilikuwa kama kamba aliyechemshwa. Mama akagonga mlango, akasema kama tunaosha maiti tumwambie mapema. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Kisha ukanieleza tena, kama vile sijawahi kusikia, kwamba helikopta ya kuwapeleka mtamboni ikianguka majini hupinduka, na wewe ndani kichwa chini. Usifungue mkanda. Shika fremu ya dirisha kwa mkono mmoja, ungoje maji yatulie, ndipo ufungue utoke. "Limekuelea?" ukaniuliza. Nikajibu limenielea, ili nitoke bafuni.

Basi jaribio lenyewe likawa kwenye bwawa moja huku Springfield. Nilikwenda kifua mbele. Mtihani wa maandishi nilikuwa nimeshaupasi, mimi niliyeikimbia shule, kwa hiyo ungenisikia. Niliwaambia wenzangu mimi mtoto wa Mombasa, nimeogelea kabla sijatembea, wakizama wanishike miguu tu. Tukafungwa mikanda kwenye helikopta ya bandia, ikashushwa majini, ikapinduka.

Mjomba, maji yaliniingia puani mpaka utosini. Nikafungua mkanda hapo hapo. Mwili ukapanda, au ukashuka, sijui. Dirisha lililokuwa kuliani kwangu halikuwapo tena. Mpiga mbizi akanitoa kwa ukosi kama paka. Wenzangu wakaanza kuniita bingwa, na hawakuwa wakinisifu. Mkufunzi akasema nimebakiwa na nafasi moja, nikishindwa nirudi kwenye kazi yangu ya kupaki magari ya watu.

Nilikaa ukingoni, ndipo nikakusikia. Si jini, usijitape, ni sauti yako tu kichwani. Nikaona kosa langu lote: nilielea kabla halijanielea.

Mara ya pili niliyaacha maji yaje. Nikaning'inia kichwa chini kama popo, nimeshika fremu, simuwazi mtu ila wewe na mikoromo yako. Maji yakatulia. Nikasukuma dirisha, nikafungua mkanda, nikajivuta nje. Nilitoka wa kwanza. Haya, wa pili.

Lakini Mama hakutaka niende. Alisema bahari ile imemnyima Idi ngapi na kaka yake, sasa inamtaka na mwanawe. Sikubishana, nawe unanijua. Nilikaa kwenye kiti cha jikoni, nikajifunga mshipi kiunoni, nikafumba macho, nikashika fremu ya dirisha kwa mkono mmoja, nikatulia, ili aone jinsi mtu anavyotoka mzima. Mama akasema, "Kaka alikuwa akikaa vivyo hivyo." Akaingia chumbani. Asubuhi nikakuta amenifungia begi, na soksi zako za sufu juu yake. Zinanibana. Kumbe ulikuwa na miguu ya kitoto, mzee mzima.

Naondoka Jumatatu, kupitia uwanja wa ndege wa Dulles. Baki salama ulipo, Mjomba. Mola akupe mahali pakavu penye joto, baridi umepigwa ya kutosha. Nami nakuahidi, siku tukiambiwa tuingie boti ya kuokolea, mlango sitaufunga mpaka nimemwona kila mwenzangu ndani. Ila naomba isifike huko. Nataka nirudi, nije kaburini kwako, nikae chini kwa adabu, nisiwe na hata kisa kimoja cha kujisifia.

Mpwa wako,
Hamisi