Tangazo Nililolisoma Kambini

Papa Anselme,

Nakuandikia kwa hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe. Wiki tatu zimepita tangu tukuzike. Gazeti letu bado linatoka kila Jumamosi, safi, na limejaa uongo pomoni.

Unakumbuka wakati wa Wabelgiji? Mkaguzi wao alikata habari kwa kalamu nyekundu, nami mpanga herufi nikakimbilia kujaza pengo kwa tangazo la sabuni. Ukanishika mkono. «Acha peupe. Bantu beko na macho.» Watu wana macho: basi tukatoa kurasa zenye mapengo, na mtaa mzima wa Kamalondo ukayasoma mapengo yale zaidi kuliko habari zenyewe.

Uhuru ulipokuja tulijaza kila kona: chama hiki kiseme, kile kijibu. Siku chache tu! Jimbo letu la Katanga likajitenga na Kongo, gazeti likapata mkurugenzi mpya, na wewe mhariri, uliyezaliwa mjini hapa hapa, ukaambiwa urudi kwenu Kasai. Watu wakaichukua nyumba yako, sufuria zikiwa bado jikoni. Ukaishia kambini, chini ya turubai, pamoja na Wakasai wenzako. Mimi sikufukuzwa. Kabila langu halikumuudhi mtu.

Ulipokufa niliandika mwenyewe tangazo la kifo chako, nikalipanga kwa herufi za risasi: amefia kambini kwa kuhara, baada ya kufukuzwa nyumbani kwake kwa sababu ya kabila lake. Mkurugenzi akacheka. «Weka maladie, inatosha.» Ningeweza kuacha peupe, Papa. Ulinifundisha. Nina watoto wanne, nikaogopa. Niliweka «ugonjwa», na hata nikaongeza kwamba umefia «nyumbani kwake», maana ndivyo alivyotaka.

Jumapili nikampelekea mkeo nakala. Mama Julienne hajui kusoma, akaniomba nimsomee mbele ya wenzake. Nikalishika gazeti, nikasoma lile tangazo la kwanza, neno kwa neno, maneno ambayo hayakuwepo pale. Wanawake wakalia. Naye akanipa mikono yote miwili: «Aksanti, mutoto yangu. Gazeti yenu haikuogopa.» Nami nikazipokea shukrani zile! Akalikunja gazeti, akalitia kifuani.

Alhamisi anapanda treni ya Kasai. Wanao wako kule, na wao wanajua kusoma.

Nimewaza nimwache aende hivyo hivyo, na faraja yake. Hapana. Najua ungenitukana, tena kwa Kifaransa. Kesho asubuhi, kabla ya kazi, nitakwenda kambini nimsomee kilichochapwa, mbele ya wanawake wale wale. Nakuahidi. Wakinitemea mate, wateme.

Lala salama, Papa. Msamaha sikuombi wewe. Nitamwomba yeye, na akininyima, atakuwa na haki.

Mpanga herufi wako,
Dieudonné