Kifaa Kinachosikiliza Dumuzi Msanzi

Mama yangu, shikamoo. Nakuandikia kutoka Msanzi nimejifunga blanketi mchana kweupe, maana upepo wa Ufipa hauna adabu. Kile kifaa nilichounda mezani kwako sasa kinasikiliza dumuzi, wale wadudu wa mahindi, ndani ya kihenge cha mwenyeji wangu, Mama Sebastiana. Prosesa yake, yaani ubongo wake, hulala kutunza betri, huamka ikisikia wadudu wakitafuna. Niliogopa upepo ungeiamsha kila mara na kumaliza betri, kumbe imeuzoea, inalala tu.

Jana taa nyekundu ya kifaa iliwaka, ishara kwamba kimesikia wadudu.

"Mahindi yangu makavu, kinakudanganya," akasema Mama Sebastiana. Hata mimi nikaingiwa na wasiwasi. Tukachota ya chini, tukakuta dumuzi wameanza kutoboa punje! Tukayaanika yote juani, majirani wakaja kupepeta, chakula cha familia kikaokoka. Akanisongea ugali wa ulezi kwa maharage, nikala mpaka nikalegeza mkanda.

Leo nilipokwenda kukifungua nirudi nacho, akanizuia.

"Wewe nenda salama, mwanangu. Hiki kinabaki."

Nimekiacha, Mama, huku nacheka. Nitaunda kingine. Jifunike vizuri, nakupenda sana.

Mwanao, Rehema