Sufuria ya Mukono wa Chuma

Bwiza, Bujumbura

Kwa mudogo wangu Yahaya, huko Kigoma,

Asalamu alaykum. Natumaini barua hii itakukuta umekaa vizuri, we na mama watoto, na goti lako limeacha kukusumbua. Kama bado linauma, ni kwa sababu hutaki kupaka dawa niliyokutumia. Sisi huku tuko wazima, Mungu ashukuriwe. Joto ni lile lile, mafuta ya kupikia yamepanda tena, na mukono unaoandika hapa ni wangu. Nilitoka shule nikiwa darasa la tatu, lakini herufi sikuziacha huko. Sikupigii simu kwa sababu katika nyumba hii simu yangu inasikilizwa na wajukuu, na haya si ya masikio yao.

Umenitumia sauti ukiuliza kama ni kweli niliharibu harusi ya Kinanira. Ni kweli. Soma mpaka mwisho ndipo ugombe.

Tangu tumuzike dada yetu Saliha, watu wakipita mulangoni kwake wanapunguza mwendo, wa musikiti na wa kanisa. Hakuacha mali. Alikuwa na sufuria ile kubwa tu, ambayo marehemu shemeji Massoudi aliiunga mukono wa chuma cha gari. Harusi, matanga, ubatizo, kartie nzima, mutaa wote, iliazima kwake. Sharti lilikuwa moja: sahani ya kwanza apewe mutu ambaye hakualikwa. Mi nilimwambia anafuga wavivu. Akacheka, akaniambia nimenye vitunguu ninyamaze.

Siku ya matanga yake mwenyewe tukaitafuta sufuria, apana. Tulipika katika visufuria vitano vya kuombaomba. Wali wa huku mubichi, wa kule umeungua, na wageni wanatafuna kwa adabu. Yahaya, mwanamuke aliyelisha Bwiza miaka arobaini, watu wakaondoka kwake na njaa. Mi ndiye niliyesimama jikoni. Aibu ile niliimeza nzima.

Baadaye Léoncie, yule jirani anayeuza ndagala, dagaa wenu, akaniambia aliiona sufuria ikiondoka kwenye teksi kabla ya Ramadhani, na ndani alikaa Zubeda. Unamukumbuka Zubeda, tulikaa naye ukuta kwa ukuta kabla hajahamia Kinanira kwa matajiri na kuanza kusalimia watu kwa vidole viwili. Na kwenye matanga alikuja. Alilia kuliko mimi niliyezaliwa tumbo moja na marehemu. Akala wali wetu ulioungua, akaenda, na neno la sufuria hakusema.

Sikumuuliza. Nilimungoja.

Miezi mitatu haikuisha, akaja na kilo mbili za sukari na kitenge, kuomba wanawake wa Bwiza wampikie harusi ya binti yake Raihana. Unajua desturi yetu: mupishi mukubwa ndiye anaitwa, na yeye ndiye anawaita wengine. Zamani alikuwa dada. Sasa ni mimi. Nikapokea sukari, nikapokea kitenge, nikamwambia alale bila wasiwasi, alfajiri tutakuwa kwake na visu vyetu. Alipotoka tu, nikapita avenyu kwa avenyu nikiwaambia wanawake kwamba atakayekanyaga Kinanira siku ile, matanga yake apikiwe na majirani wa mbinguni. Hakwenda hata mumoja.

Kwa hiyo mbuzi wawili walioletwa na upande wa bwana harusi walilala wamechinjwa, hakuna wa kuwapika. Wakwe kutoka Rumonge walikula mkate na soda, wakiulizana kama hapa ni harusini au kituoni. Mi nilikuwa kwenye mukeka wangu nakunywa chai ya sukari yake. Sitakudanganya, ilikuwa tamu. Mchana nikakodi teksi, nikaingia uani kwake mbele ya wakwe wote, nikaikuta sufuria imeegemea ukuta, kavu, na mukono wa chuma wa shemeji Massoudi pale pale. Nikamwita mwizi wa maiti. Yeye akaniambia tu, chukua dada Mwavita. Nikachukua.

Sasa fika hapa, ukae.

Siku ya nne bibi harusi alikuja kwangu, hina bado mukononi. Hakunitukana, na hilo ndilo liliniudhi. Alisema ile nyumba ya Kinanira si yao. Wenyewe wako Ulaya, mama yake anafagia na kulinda. Tangu baba yake awakimbie, mama anapikia maharage mafundi wanaojenga kule juu, na sufuria alipewa na dada Saliha, mukononi, dada mwenyewe akamusindikiza mpaka kwenye teksi. Siku ya matanga alitaka kuileta, akaogopa kuulizwa imetoka wapi, maana dada alimuapisha asimwambie mutu, ili shida yao isitangazwe Bwiza. Na hasa asimwambie Mwavita, kwa sababu Mwavita, alisema, ni mutu mwema lakini mudomo wake hauna mulango.

Hivyo ndivyo alivyosema dada yangu. Nimemukasirikia marehemu siku tisa. Aliweza kumuamini mwanamuke wa kilio kikubwa, mimi akaniacha nje.

Sufuria iko chini ya kitanda changu. Mafundi wa Kinanira hawajala kwa Zubeda tangu siku ile, na mi siendi kumuomba musamaha, usinifundishe. Bado alilia kupita kiasi. Ila we ndiye mwanaume wa familia uliyebaki, wa kuamua juu ya kitu cha Saliha. Niandikie haraka, uniamuru niirudishe. Andika kwa ukali, unitukane kidogo, ili niisomee barua mulangoni kwake nikilalamika kwamba nimelazimishwa. Mengine nitayafanya mwenyewe: siku hiyo nitamenya vitunguu mimi, na sahani ya kwanza nitaila pale pale, kwa kuwa hakuna atakayekuwa amenialika.

Barua hii anaileta Atumani, mupe chai kabla hajarudi na jibu. Nisalimie mama watoto, nisalimie majirani wanaonikumbuka kwa wema, kama wapo. Na upake ile dawa.

Ni mimi dada yako mukubwa,
Mwavita