Siku Kompyuta Iliponyamaza

Jumamosi, Kibaha. Mvua haijakata tangu alfajiri, na leo nimeogopa kwelikweli.

Kwa msomaji mgeni: mimi sioni. Kompyuta yangu husema. Kila kilichoandikwa kwenye skrini, sauti hunisomea, na ndiyo maana naweza kuishi kwa kuandika mahojiano ya watu waliorekodiwa. Sasa mfumo wake, ile programu kuu inayoiendesha, umezeeka. Haupati tena marekebisho ya usalama, na kila asubuhi unanikumbusha. Lazima nihamie mfumo mwingine.

Na kama huo mwingine hausemi?

Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Kabla ya vifaa vinavyosema nilikuwa mtu wa kusomewa. Meseji za mchumba nilisomewa na wifi yangu, majibu ya hospitali nilisomewa foleni nzima ikisikia. Na mtu akikusomea, anakuchagulia. Anasema hapa ni mambo ya kawaida tu, kisha anaruka mistari. Sitaki kurudi huko.

Hamisi, niliyesoma naye, naye haoni. Yuko Kisarawe na alishahamia mfumo mpya zamani. Ameniambia nisiende kichwakichwa. Unaweza kuufungua mfumo mpya ndani ya ule wa zamani kama programu tu, lakini kompyuta yangu haina nguvu hizo. Unaweza kuujaribia kwenye kompyuta nyingine, ambayo sina. Au unauwasha kutoka kwenye flashi, bila kugusa chochote kilichomo ndani. Ukizima na kuchomoa, kila kitu kiko kama ulivyokiacha.

"Ni kama nyumba ya kupanga, Zuhura. Kagua choo kabla hujalipa kodi."

Akanitumia flashi yenye mfumo huo kupitia dada yake anayefanya kazi huku Tumbi. Maelekezo: washa, subiri mlio mdogo, ndipo ubonyeze vitufe vitatu kwa pamoja, sauti itaanza.

Nikawasha. Mlio sikuusikia. Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba hata adhana isingenifikia. Nikabonyeza vile vitufe, kimya. Nikarudia, kimya. Labda nimewahi, labda nimechelewa, labda nimeshaharibu. Nimekaa mbele ya mashine inayotoa joto na haisemi neno, jasho linanitoka.

Nikampigia Hamisi. Hapatikani.

Niliona aibu, lakini nikamwita Mama Neema, jirani yangu, mtumishi wa serikali mwenye macho yake mazima. Akaja mbio, kanga imelowa.

"Mbona rahisi, dada! Kuna vitu viwili hapa kwenye skrini. Ngoja nikubonyezee hiki kinachong'aa tumalize."

"Usiguse!" Nilipiga kelele mpaka mwenyewe nikashtuka. "Nisomee kwanza. Yote."

Akaguna, akasoma. Cha kwanza kilikuwa kuujaribu mfumo. Cha pili, kuuweka kwenye kompyuta moja kwa moja na kufuta vilivyomo. Kilichokuwa kinang'aa ni cha pili.

Nikamshukuru, nikamwambia asibonyeze chochote.

Mama Neema hana ubaya. Maji yakikatika ndiye anayenigawia ndoo. Baadaye Hamisi alipopatikana aliniambia nisiwe na hofu, mfumo ungeuliza tena kabla ya kufuta kitu. Ungemuuliza nani? Ungeuliza kwa maandishi, na Mama Neema angeujibu ndiyo.

Alipoondoka nilizima, nikachomeka hedifoni, nikaanza upya. Mlio ukaja. Vitufe vitatu. Halafu sauti, ile kavu kavu inayotamka maneno kama mgeni aliyeshuka jana uwanja wa ndege. Nililia.

Nimeshinda humo mchana wote. Rekodi za mahojiano zinacheza, ila vitufe vya kurudisha nyuma vimebadilika na vidole vinapotea njia. Nimeunga simu kwa waya, mtandao umekubali. Shajara hii nimeiandika humo humo, na nikizima kabla sijaipandisha kwenye blogu inapotea, maana flashi hii haitunzi kitu.

Sijahama. Bado naogopa, tena sana, kwa sababu siku ya kuuweka kwelikweli hakutakuwa na kuchomoa na kurudi nyuma. Nimejiapiza jambo moja tu: siku hiyo nitafunga mlango, na kitufe nitakibonyeza mimi.

Sasa hivi Mama Neema amepita dirishani, ameniuliza naandika nini. Nimemjibu ni kazi.

Hedifoni ziko masikioni, sauti inanisomea haya yote kutoka juu. Imefika pale Mama Neema alipotaka kunibonyezea. Haikuruka neno.